Nailoni ya Taa ya Kobe

Kobe wa dada alipoanza kuburuta miguu ya nyuma, nyumba nzima ilihangaika kutafuta sababu. Mama alisema ni baridi. Mjomba alisema ni majani ya kabichi. Dada alisema ni yeye mwenyewe, hajui kulea. Mimi sikusema kitu. Mimi ni mtu wa kutosema kitu, wameshanizoea hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Lakini sababu nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeikalia kwa wiki saba.

Mama alikuwa anampikia mzungu mmoja wa mradi wa kuhifadhi udongo, mwanamke mrefu aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya juu, ukishapita misonobari. Siku moja mzungu huyo alirudi kutoka Mombo na kobe kwenye kofia yake. Alimkuta katikati ya barabara, mdogo, hazidi kisosi cha chai. Kule chini kuna joto, kobe anajiotea jua anavyotaka. Huku kwetu mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka jikoni na chumvi inalowana kwenye kopo. Basi mzungu akamtengenezea sanduku la mbao ndani ya nyumba, akamwekea mchanga na kigae cha kujifichia, na juu yake taa mbili: globu ya kawaida ya kumpa joto, na tyubu fupi nyeupe ambayo sikujua kazi yake.

Jumamosi mimi na dada tulikuwa tunakwenda kumsaidia Mama. Dada yangu amenizidi mwaka mmoja tu, lakini ukituona utasema amenizidi kumi. Yeye akiingia mahali, mahali panajua kwamba ameingia. Nilikuwa nashika njia ya nyuma, nachuma mchunga, yale majani machungu ya mboga, kwenye matuta, nautoa mchanga, nauweka mbele ya kobe jani mojamoja. Alikuwa anatoa shingo taratibu, ananitazama kwa jicho moja, halafu anakata. Nilikuwa nausikia ule mlio mdogo wa kukata. Wakati huo dada yuko sebuleni anaongea Kiingereza chake cha kubomoabomoa, anamwambia mzungu kwamba kobe huyu anakula kama mjomba wetu siku ya Idi, na mzungu anacheka mpaka anafuta macho.

Mimi Kiingereza najua kuliko dada. Sijisifu, hata kwenye ripoti za shule imo. Ila kinakaa kichwani, hakishuki mdomoni.

Mkataba wa mzungu ulipoisha, alituita barazani. Aliinua lile sanduku, kobe akiwa ndani, akampa dada. Akasema kwa Kiswahili, na alikuwa amejifunza sentensi hiyo makusudi, unaona kabisa: "Wewe ndiye mama yake sasa."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma, na mfuko wa mchunga mkononi.

Nililia njiani, nikasema mdudu ameingia jichoni. Dada akaniambia, "Njoo nikupulizie." Akanipulizia kweli. Ndiyo shida ya dada yangu, hakupi hata nafasi ya kumchukia vizuri.

Kabla ya kuondoka mzungu alieleza habari ya ile tyubu. Alisema hiyo si taa ya kuonea. Inatoa miale ambayo jicho haliioni, miale ile ile iliyomo kwenye jua, na kobe asipoipata hawezi kujenga mifupa wala gamba. Akasema tyubu hiyo inachoka ikiwa bado inawaka. Ya kwake ilikuwa imeshachoka. Angetutumia nyingine kutoka kwao.

Mwezi wa nne ikaja barua. Juu ya bahasha jina la dada. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokatwa kwenye kitabu cha duka, karatasi ya kung'aa, ina picha za taa tatu zilizozungushiwa wino. Mzungu anauliza tunataka ipi, tupime sanduku, tuangalie na umeme wetu, halafu mwenzake anayekuja Lushoto atatuletea.

Tulikaa sebuleni. Niseme kidogo kuhusu sebule yetu, kwa sababu ndiyo chanzo. Viti vyetu vya sofa bado vimevaa nailoni ya dukani. Ukikaa vinalia. Redio ina nailoni, saa ya ukutani ina nailoni, chupa ya chai ina nailoni shingoni, imekazwa na mpira. Mama alikuwa msichana miaka ambayo sabuni ni foleni, kitenge ni foleni, na ukifika dirishani unaambiwa vimekwisha. Sasa maduka ya mjini yamejaa hadi vitu vinaning'inia barazani, lakini Mama akinunua kitu hakivui. Anasema kikivuliwa kimeshaanza kuisha.

Mjomba alikuwepo. Ni kaka yake Mama, fundi umeme, ana kibanda karibu na soko. Mimi na dada anatuita "mjomba" kama sisi tunavyomwita.

Nikasoma barua, natafsiri. Taa ya kwanza ni globu ndogo ya kujisokota. Ya pili ni globu kubwa, inatoa joto na miale kwa pamoja. Ya tatu ni tyubu ya futi mbili, imelala ndani ya bati linalorudisha mwanga chini.

"Hiyo kubwa," akasema Mama palepale. "Kama anatoa bure, kwa nini tuchukue kidogo?"

"Dada, hiyo kubwa itakula umeme kama mashine ya kusaga," Mjomba akamjibu.

"Kwani kobe anakaa kwako?"

"Simo! Lakini ukiletewa bili usinitumie mtoto."

Dada naye alikuwa anaitaka kubwa. Alisema itaangaza sebule nzima, wageni watamwona kobe vizuri.

Mimi nilikuwa nimesoma maandishi madogo chini ya picha. Ile kubwa ikizimika haikubali kuwaka tena mpaka ipoe kabisa, na umeme wetu unakatika mara ngapi kwa siku, Mungu ndiye anayejua. Isitoshe, globu zote mbili zilikuwa za kukaza kwa kuzungusha, na holda za nyumba yetu ni za pini. Na ile ya kujisokota inamulika pembe moja tu, kobe akisogea ameikosa. Tyubu inafunika sanduku lote. Niliyaona hayo yote kama hesabu iliyokwisha kufanywa. Nikasema, "Tyubu."

Nilisema. Naapa nilisema. Lakini nilisema kwa ile sauti yangu, nikiwa nimetazama mkeka, na wakati huohuo Mama alikuwa anamgombeza Mjomba kuhusu bili. Dada alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Akanigeukia, akanong'ona, "Kwa nini tyubu?" Nikamweleza sikioni: umeme kukatika, pini, pembe.

Dada akapiga makofi. "Sikilizeni! Tyubu ndiyo inayotufaa. Ile kubwa umeme ukikatika itagoma mpaka ipoe. Halafu zile nyingine si za pini. Si ndiyo, Mjomba?"

Mjomba akachukua karatasi, akaisogeza karibu na uso. "Loh! Mjomba wangu huyu ana kichwa! Njoo kesho kibandani nikupe tesita ya kupimia umeme uanze kazi."

Mama akatabasamu lile tabasamu lake la mara moja kwa mwezi. Akamwangalia dada.

Nilimsubiri dada aseme, "Kaniambia mdogo wangu." Sidhani aliacha makusudi. Nadhani kwake jambo likishapita mdomoni mwake linakuwa lake, kama maji yanavyokuwa ya ndoo. Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Taa ikafika mwezi wa sita mwanzoni, kwenye boksi refu lililotupwa huku na huku lakini halikuvunjika. Tyubu ilikuwa imevalishwa nailoni nyembamba inayong'aa, kutoka mwisho hadi mwisho, kama soksi. Na barua. Jina la dada tena.

"Soma, soma," dada akasema, anarukaruka.

Barua ile naikumbuka yote. Ilianza, "Mpenzi, msichana wangu jasiri." Ikasema anamkumbuka anavyocheka. Ikasema anasimulia wenzake kwamba kuna msichana mlimani anayeweza kulea kobe kuliko duka la wanyama. Ikasema taa iwekwe juu ya kobe kwa umbali wa rula moja, iwashwe asubuhi, izimwe jioni. Kisha ikasema, "Msalimie na mdogo wako."

Basi. Maneno manne. Mchunga wa mwaka mzima, maneno manne.

Sentensi iliyofuata ilipigiwa mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Ilisema nailoni yote itolewe, na pasiwekwe kioo wala plastiki kati ya taa na kobe, kwa sababu mwanga unapita lakini miale haipiti.

Niliiona. Ningewezaje kutoiona, nyekundu vile? Nikavuta pumzi, nikaruka. Nikasoma salamu za mwisho, nikakunja barua, nikampa dada. Akaiweka ndani ya kopo lake la biskuti, kwenye vitu vyake vya thamani, bila kuifungua. Ya nini, si ameshasomewa?

Sikujiambia, nataka kobe afe. Nilijiambia, ngoja nione atafanyaje huyo jasiri. Nilitaka akosee mara moja. Kitu kimoja tu kimshinde, mbele ya watu.

Mjomba akaja na choki na stata, vile vidude vya kuwashia tyubu, akafunga bati juu ya sanduku, akapima rula. Alipotaka kuichana ile nailoni, Mama akatokea jikoni mbio, mikono ina unga.

"Weee! Acha hapo! Kitu kipya hata siku haijaisha unakivua nguo?"

"Itapunguza mwanga kidogo, dada."

"Si unaona inang'aa? Acha ivae. Vumbi la mchanga huo, mkojo wa kobe, itaharibika."

Mjomba akanigeukia mimi. Sijui kwa nini mimi. "Barua imesema nini?"

Nikasema, "Imesema rula moja." Nikatazama mkeka. Nikitazama mkeka hakuna anayeshangaa.

Ikawashwa. Ikang'aa vizuri sana, na ile nailoni juu yake ikametameta. Mama akaongeza na kipande cha kioo cha dirisha juu ya sanduku, chini ya bati, joto lisitoke. Watu wakaanza kuja. Wasichana wa darasa la dada walikuja na sare zao, wamama wa jirani walikuja na watoto mgongoni. Mmoja akasema, "Jamani, kobe ana umeme, na mimi nyumbani nasomea kibatari!" Wote wakacheka. Dada alikuwa anaeleza kama mwalimu: miale haionekani, inajenga gamba. Nilikuwa nawapitishia chai. Kila nikipita nilikuwa naiona ile nailoni, na nilikuwa nahisi kitu kama raha, lakini raha yenyewe ilikuwa chungu, kama kulamba shubiri ukijua ni shubiri.

Wiki ya tatu kobe akaanza kuacha majani. Ukungu ulikuwa umeshika, jua hatujaliona siku nyingi, hata nguo hazikauki. Wiki ya tano nikamgusa ukingo wa gamba kwa kidole, dada hayupo. Ulibonyea kama boksi lililolowa. Niliutoa mkono haraka. Usiku huo na uliofuata nilimwomba Mungu atoe jua, amponye Yeye, ili mimi nisiseme. Jua halikutoka.

Wiki ya saba miguu ya nyuma ikagoma.

Mama akaamua. Baba alikuwa ameshuka kutoka Lukozi na mzigo wa karoti, na Jumatatu gari lake la mzigo lingeteremka Mombo. "Kobe aende nalo," Mama akasema. "Akaachwe nyikani kwao. Kama ni kufa akafie kwenye jua." Alisema kwa Kishambaa, na Mama akihama Kiswahili ujue hakuna mjadala.

Dada hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimzoea akibisha hata kuhusu chumvi ya mboga. Alikaa chini kando ya sanduku tangu asubuhi ya Jumapili, kanga imemfunika mabega, hajachana nywele. Mchana akaniita.

"Mdogo wangu, lete karatasi na kalamu. Niandikie."

Nikaleta. Nikakaa.

"Mwandikie kwa Kiingereza kizuri, kile chako. Mwambie nimeshindwa. Mwambie alinipa kobe na taa nzuri, na mimi nilichagua mwenyewe taa yenyewe, na bado nimeshindwa. Mwambie alikosea kunichagua." Akafuta pua kwa kanga. "Mwambie angekupa wewe. Wewe ndiye ulikuwa unamletea mchunga."

Kumbe alikuwa anajua. Miezi yote ile, alikuwa ameona.

Nikaandika tarehe. Nikaandika "Mpendwa". Mkono ukakataa. Nilikuwa nimelitaka neno hilo hilo, nimeshindwa, litoke mdomoni mwake. Nimeliombea njia. Sasa limetoka, na ni mimi ninayetakiwa kuliandika kwa mwandiko wangu mzuri, kuwa ni kosa lake.

"Andika basi," dada akasema. "Au maneno magumu?"

"Lete ile barua," nikasema.

"Ipi?"

"Ya taa. Kuna mahali sikusoma."

Akanitazama. Akaenda, akarudi na kopo la biskuti. Nikaifungua barua, na kwa mara ya kwanza maishani nikasoma bila kuangalia chini. Nilisoma ile sentensi nyekundu kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Nailoni. Kioo. Miale haipiti. Nikasema, "Niliiona siku ile ile. Niliruka makusudi. Nilikuwa na wivu." Neno wivu lilitoka kubwa, nadhani lilifika hadi jikoni.

Nilisubiri kofi. Nilikuwa nalitaka, ukitaka kujua. Dada aliangalia ile mistari miwili myekundu, akaifuata kwa kidole. Kisha akainuka, akazima swichi, akakiondoa kioo, akaivuta ile nailoni kwa meno mpaka ikachanika. Ilitoa sauti ya kuchanika ndefu. Mama akatoka.

"Nini hicho? Mnaharibu taa?"

Nikafungua mdomo. Dada akaniwahi, kama kawaida yake.

"Mama, barua ilisema itolewe. Tulisahau kusoma vizuri."

Tulisahau. Alisema tulisahau.

Mama alisonya, akachukua ile nailoni iliyochanika, akainyoosha juu ya paja kuona kama itafaa kwa kitu kingine. Lakini kobe akapewa wiki mbili. Mjomba akampata bwana mifugo mmoja, akatuambia tusage maganda ya mayai tumnyunyizie kwenye majani, na akikataa kula tumtilie mdomoni kwa maji. Mwezi wa nane mwishoni ukungu ukafunguka, tukawa tunamtoa nje kila saa sita, mmoja wetu anakaa kumlinda na kunguru. Kwanza akaanza kunyoosha shingo. Halafu siku moja mguu wa kushoto ukasukuma mchanga.

Hakufa. Gamba limebaki na bonde katikati ya mgongo, mahali maji ya mvua yanaweza kutuama kama kwenye jani. Halitaondoka, alisema bwana mifugo. Kila nikimwosha kidole changu kinaingia humo.

Ile barua tuliiandika upya. Dada alinitajia, nikaandika. Alimweleza mzungu kwamba kobe aliugua kwa sababu hatukuitoa nailoni, sasa anapona, na anayemtunza hasa ni mdogo wangu. Nilimwambia hilo la mwisho si lazima. Akasema, "Andika, we bubu." Nikaliandika.

Dada hajawahi kumwambia mtu. Hata tukigombana, hata nilipoazima sweta yake nikaichoma na pasi, hakulitoa. Ingekuwa mimi ningelitoa siku ya kwanza. Nalijua hilo, na linaniuma kuliko kila kitu: hata kusamehe anaweza kuliko mimi.

Sasa dada amehamia shule ya bweni, anarudi likizo. Kobe ni wangu. Mimi ndiye ninayewasha taa asubuhi na kumkatia mchunga. Ananijua. Lakini jana dada aliingia uani na begi kichwani, hajafika hata mlangoni, anapiga kelele, "Shikamoo Mama! Mko wapi jamani?" na kobe, jani langu likiwa mdomoni mwake, akaacha kutafuna, akageuza shingo kuelekea ile sauti.